Kupanga Nyumba Ndogo ya Watu Wawili Mtaani Denpasar, Bali: Mwongozo Kamili

Kwa muda sasa wasomaji wanaokwenda Bali, kisiwa cha Indonesia ambacho mji wake mkuu ni Denpasar, kwa fungate au likizo fupi wamekuwa wakiniandikia mkasa uleule kwa maneno tofauti. Wawili wamelipia nyumba ndogo waliyoipenda kwenye picha, wamesafiri karibu siku nzima, kisha wamejikuta saa tano za usiku katika kichochoro chenye giza wakitafuta namba ya nyumba isiyofuata mpangilio wowote. Wengine wamefika salama lakini kila wakiwasha kiyoyozi umeme unakatika. Wengine wamegundua kwamba nyumba iliyotangazwa kuwa ya Denpasar haimo kabisa ndani ya Denpasar.

Sidhani kama walikuwa wazembe. Waliiandaa safari kama watu wanaokwenda hotelini, ilhali nyumba ya mtaani haina mapokezi, haina jenereta, na usiku hakuna mtu wa kumpigia kengele. Karibu kila kosa nililoelezwa lingeweza kuzuiwa kwa swali moja lililoulizwa kabla ya fedha kutumwa, na ndiyo maana hatua za mwanzo za mwongozo huu ni ndefu kuliko za mwisho.

Ninazungumzia nyumba au chumba kamili chenye jiko, cha kukaa wiki moja hadi nne, katika mitaa ya kawaida ya mji. Majumba yenye bwawa la kuogelea ya Seminyak na Canggu, maeneo ya kitalii ya Bali, yana taratibu zake na bei zake, nami siyagusi hapa.

## Mahitaji

Kusanya vitu hivi kabla ya kuanza hatua ya kwanza:

- Pasipoti mbili zenye uhai wa miezi sita au zaidi kuanzia siku ya kuwasili, pamoja na picha zake kwenye simu.
- Tiketi za kurudi, au za kuendelea na nchi nyingine.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Indonesia huidai kwa wasafiri wanaotoka katika nchi zenye ugonjwa huo, na kwa anayetoka Afrika Mashariki si jambo la kubahatisha.
- Simu yenye WhatsApp, kwa kuwa wenye nyumba wengi wa Bali huzungumza na wageni kwa njia hiyo.
- Adapta ya umeme. Soketi za Indonesia ni za pini mbili za mviringo, wakati plagi za Kenya, Tanzania na Uganda ni za pini tatu bapa. Nguvu ya umeme ni ya volti 230, hivyo chaja zako hazitadhurika.
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, na kiasi cha dola zisizochakaa wala kukunjika.
- Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu.
- Kikapu au mfuko wa kitambaa. Maduka ya Denpasar yalizuiwa kutoa mifuko ya plastiki tangu mwanzo wa 2019, jambo ambalo Mkenya na Mtanzania hawahitaji kufundishwa.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kalenda ya Kibali

Watu wengi huangalia bei ya tiketi tu. Miezi ya Julai na Agosti, pamoja na wiki ya mwisho ya Desemba, ndiyo yenye wageni wengi na kodi kubwa. Mvua ni kubwa zaidi kati ya Novemba na Machi. Hayo yanajulikana, na tahadhari iliyo kubwa zaidi ni Nyepi.

Nyepi ni siku ya ukimya, mwaka mpya wa kalenda ya Kihindu ya Bali, ambayo kwa kawaida huangukia mwezi Machi. Kwa saa 24, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili ya asubuhi inayofuata, hakuna mtu anayeruhusiwa kutoka nje, awe mwenyeji au mgeni. Uwanja wa ndege hufungwa, taa huzimwa au kufichwa, na data za simu hukatwa. Walinzi wa mila wanaoitwa pecalang hupita mitaani kuhakikisha hali hiyo. Katika hoteli mtaletewa chakula ndani, lakini katika nyumba mliyopanga mtakula mlichonunua jana yake.

Wanaokula halali tu wazingatie pia Idi el-Fitri. Wauzaji wengi wa vyakula wa Kiislamu mjini Denpasar ni watu wa Java au Madura ambao hurudi kwao kwa sikukuu, na vibanda vyao hufungwa kwa siku kadhaa. Mwaka 2026 Nyepi iliwekwa tarehe 19 Machi, ikikaribiana sana na Idi, na aliyefika wiki hiyo bila akiba ya chakula alikuwa na kazi.

Umefaulu katika hatua hii ukiwa na tarehe mbili, ya kuingia na ya kutoka, na ukiweza kusema kwa hakika kwamba Nyepi haimo kati yake, au imo na umejiandaa kwayo kwa kupenda.

## Hatua ya 2: Chagua mtaa kabla ya kuchagua nyumba

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu huanza na picha ya kitanda.

Fahamu kwanza kwamba jina Denpasar hutumika ovyo. Uwanja wa ndege wa I Gusti Ngurah Rai huandikwa Denpasar kwenye tiketi, lakini uko Tuban, katika wilaya ya Badung. Vivyo hivyo, nyumba za Kerobokan hutangazwa kuwa za Denpasar ilhali nazo ziko Badung. Denpasar yenyewe ina tarafa nne: Utara ya kaskazini, Timur ya mashariki, Selatan ya kusini na Barat ya magharibi. Tangazo lisilotaja mojawapo ya hizo, au lisilotaja jina la mtaa, usiliamini bado.

Mitaa ninayoipendekeza kwa wawili ni hii.

Sanur, upande wa mashariki wa Denpasar Selatan, ina ufuo unaotazama macheo, njia ndefu ya kutembea kwa miguu kando ya bahari, na bandari ya boti za kwenda Nusa Penida na Nusa Lembongan. Ni mahali patulivu. Kodi yake ni ya juu kuliko mitaa ya ndani, na mgeni wa mara ya kwanza anayetaka bahari asiende kwingine.

Renon ni mtaa wa ofisi za serikali, wenye barabara pana, miti mikubwa na uwanja unaozunguka mnara wa Bajra Sandhi, ambako wakazi hukimbia na kutembea jioni. Panjer, iliyo jirani, ina vichochoro vingi vya nyumba ndogo. Kwa maoni yangu hapa ndipo thamani ya fedha ilipo: Sanur haiko mbali kwa pikipiki, na utaishi miongoni mwa watu wanaokwenda kazini asubuhi.

Katikati ya mji, karibu na Jalan Gajah Mada (*jalan* ni barabara), kuna soko la Pasar Badung na lile la Kumbasari, yanayotazamana kutoka kingo mbili za mto Tukad Badung, na Jalan Sulawesi yenye maduka ya vitambaa. Anayependa masoko atafurahi. Anayependa kulala hadi saa tatu asubuhi asiende.

Kampung Jawa, yaani Wanasari, kaskazini ya katikati ya mji, na Kepaon upande wa kusini, ni mitaa ya Waislamu ya siku nyingi. Misikiti iko karibu na chakula halali hakihitaji kuulizwa mara mbili. Mjue tu kwamba kibla cha Bali ni magharibi, kikielekea kaskazini kidogo. Aliyezoea kuelekea kaskazini kama Dar es Salaam au Mombasa ataswali upande usio sahihi.

Jambo moja zaidi kuhusu mto. Septemba 2025 mafuriko makubwa yaliikumba Denpasar, Tukad Badung ukavunja kingo zake, na majengo ya karibu na masoko hayo yakaanguka. Watu walipoteza maisha. Ukitaka nyumba ya karibu na mto, iwe ya ghorofa ya pili, na usiende katikati ya masika yao.

Ukiweza kuutaja mtaa mmoja na wa akiba mmoja, pamoja na sababu ya kila mmoja, endelea na hatua inayofuata.

## Hatua ya 3: Soma tangazo kama mpangaji

Maneno ya matangazo ya Indonesia yana maana mahususi, na kuyachanganya kunaleta hasara.

*Kos* au *kost* ni chumba cha kupanga kwa mwezi, mara nyingi katika jengo lenye vyumba vingi vinavyotazama ua mmoja. Angalia kama kinaruhusu wawili, kwa sababu vingine ni vya wanawake tu au wanaume tu, na vingine huongeza kodi kwa mtu wa pili. *Kamar mandi dalam* maana yake bafu liko ndani. Ukiona *luar*, liko nje na mtalitumia pamoja na wengine. *Kontrakan* ni nyumba ya kupanga kwa mwaka, haikufai. *Homestay* na *guest house* hupangishwa kwa siku, na nyingi huwa ndani ya boma la familia ya Kibali. Hizo ndizo ningezitafuta kwanza, kwa kuwa mwenye nyumba yupo hatua chache kutoka mlangoni pako.

Chunguza pia picha. Tangazo lenye picha za ndani pekee linaficha kitu: kichochoro, ukuta wa jirani au jengo linaloendelea kujengwa. Nakili picha moja na uitafute kwenye mtandao. Ikionekana katika matangazo matatu yenye majina tofauti, liache.

Ishara ya kufaulu ni orodha ya nyumba tatu, si zaidi. Aliyenazo kumi hataweza kuuliza maswali ya hatua ya nne kwa makini.

## Hatua ya 4: Maswali ya lazima kwa mwenye nyumba

Tuma maswali haya kwa maandishi, ili majibu yabaki. Anza kwa salamu: *Apa kabar?* Msemaji wa Kiswahili atalitambua neno *kabar* mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa habari yetu, na salamu hiyo fupi hubadilisha sauti ya mazungumzo yote.

### Umeme

Uliza: mita ni ya VA ngapi, na tokeni analipa nani?

Nyumba nyingi ndogo huwa na umeme wa VA (volti-ampea) 900, 1,300 au 2,200. Namba hiyo ni kikomo cha vitu vinavyoweza kuwashwa kwa pamoja, na kikipitwa swichi kuu hujizima. Hesabu yake ni rahisi. Kiyoyozi cha PK 1, yaani nguvu ya farasi mmoja, hutumia karibu wati 800, pampu ya maji karibu 250, na birika la umeme 600 au zaidi. Jumla yake inapita 1,300. Ndiyo maana msomaji mmoja aliniandikia kwamba kila akichemsha maji ya chai mumewe alibaki gizani bafuni mwenye povu kichwani. Nyumba haikuwa na hitilafu yoyote.

Kwa wawili wanaotaka kiyoyozi na kupika, tafuta VA 2,200. Ikiwa ni 1,300, kubali kuzima kiyoyozi wakati wa kupika. Ya 900 inafaa kwa feni.

Mita nyingi ni za malipo ya kabla, na hapa Mtanzania aliyezoea LUKU na Mkenya anayenunua tokeni watajiona nyumbani: unanunua namba yenye tarakimu 20, unaibonyeza kwenye mita, uniti zinaingia. Kwa mita za VA 1,300 na 2,200 bei ni takribani rupia 1,450 kwa uniti moja. Katika upangaji wa siku chache tokeni huwa juu ya mwenye nyumba. Katika upangaji wa mwezi mara nyingi ni juu yako. Asipoandika wazi, usilipe.

### Maji

Uliza kama kuna maji ya moto, na kama bafu ni la bomba la mvua au la tangi la kujengea. Nyumba za mtaani mara nyingi zina *bak mandi*, yaani kisima kidogo cha vigae ndani ya bafu, na *gayung* ya kuchotea, ambayo kwetu pwani ni kata. Usiingie ndani ya bak wala usioshee humo.

Maji ya bomba hayanywewi. Watu hununua dumu la lita 19 liitwalo *galon*, nalo hupelekwa hadi mlangoni. Uliza kama galon ya kwanza imo ndani ya kodi.

### Jiko

Uliza mtungi wa gesi ni wa nani. Ule mdogo wa kijani wa kilo 3, ambao wenyeji huuita *melon*, ni wa ruzuku kwa kaya zenye kipato kidogo, na mgeni hapaswi kuununua. Mwambie mwenye nyumba aweke wa kilo 5.5.

### Njia na sauti

Uliza: gari linafika mlangoni, au linaishia mwanzo wa *gang*? Vichochoro vingi vya Denpasar vinapitisha pikipiki tu, na kuburuta masanduku mawili makubwa kwa mita mia mbili usiku wa mvua si mwanzo mzuri wa fungate.

Uliza pia kilicho jirani. Jumba la mikutano la mtaa, yaani *bale banjar*, hufanyiwa mazoezi ya ngoma za gamelan jioni. Jogoo na mbwa wapo kila mahali, na hilo hata usiliulize.

Umemaliza hatua hii ukiwa na majibu ya maandishi, alama ya ramani ya mlango wenyewe, na video fupi ya sekunde thelathini inayoanzia barabarani hadi kitandani. Asiyetaka kutuma video hiyo, achana naye bila ugomvi.

## Hatua ya 5: Kulipa

Guest house za kawaida za Denpasar mara nyingi huwa kati ya rupia 250,000 na 500,000 kwa usiku, Sanur ikizidi hapo. Ukikaa wiki mbili au zaidi omba punguzo. Ni jambo la kawaida na halimkeri mtu.

Ukilipa kupitia jukwaa la kupanga nyumba, malipo yote yapitie humo. Mwenye nyumba akikuomba mfute maombi na umtumie fedha moja kwa moja ili kukwepa ada, unapoteza mahali pa kudai haki yako. Ukipanga bila jukwaa, tuma sehemu ndogo tu, sawa na usiku mmoja au miwili, na salio ulilipe ukiwa ndani ya nyumba baada ya hatua ya nane.

Amana iandikwe: kiasi chake, inarudishwa lini, na itakatwa kwa sababu gani. Kamwe usiweke pasipoti kuwa amana. Nakala unaweza kutoa, na utaombwa, kwa sababu wanaolaza wageni wanatakiwa kutoa taarifa zao kwa uhamiaji.

## Hatua ya 6: Karatasi za safari

Hatua hii ni fupi, ila haina msamaha. Viza ya kuwasili hugharimu rupia 500,000 kwa kila mtu, hudumu siku 30 na huweza kuongezwa mara moja kwa siku 30 nyingine. Angalia kama nchi yako imo kwenye orodha katika tovuti rasmi ya uhamiaji wa Indonesia, evisa.imigrasi.go.id, na ulipie hukohuko kabla ya kuondoka. Tovuti nyingine zinazofanana nayo ni za mawakala wanaoongeza ada. Siku ya kuwasili huhesabiwa kuwa ya kwanza, na kila siku ya ziada hutozwa faini ya rupia 1,000,000.

Tangu tarehe 14 Februari 2024 kila mgeni wa kigeni hulipa pia tozo ya jimbo la Bali, rupia 150,000, kupitia mfumo wa Love Bali. Jaza na fomu ya kuwasili ya mtandaoni siku chache kabla ya kuruka, kisha piga picha za misimbo yote, kwani intaneti ya uwanjani si ya kutegemea.

Wengi huuliza kuhusu cheti cha ndoa. Kanuni mpya ya adhabu ya Indonesia, iliyoanza kutumika tarehe 2 Januari 2026, inagusa uhusiano wa nje ya ndoa, lakini shauri haliwezi kufunguliwa bila malalamiko ya mume au mke, wazazi au watoto wa wahusika. Kwa mgeni wa likizo jambo hilo kwa kawaida haliji mlangoni. Hata hivyo, mwenye nyumba wa kos anaweza kuuliza kwa kanuni zake mwenyewe, na kubeba picha ya cheti kwenye simu si mzigo.

## Hatua ya 7: Kutoka uwanja wa ndege hadi mlangoni

Kutoka Nairobi au Dar es Salaam safari nyingi hupitia Doha, Dubai au Istanbul. Saa za Bali ziko mbele ya zetu kwa saa tano, kwa hiyo mwili wako utafika ukiwa bado mchana wakati mtaa umelala.

1. Toa fedha kidogo kwenye mashine ya benki iliyo ndani ya jengo. Angalia vizuri: mashine nyingi za Indonesia hutoa fedha kwanza na kadi baadaye. Aliyezoea kinyume chake huchukua noti na kuondoka, kadi ikabaki.

2. Washa laini ya simu. Duka la kampuni ya simu litakuomba pasipoti ili kuisajili.

3. Agiza gari kwa Grab au Gojek, programu za simu za kuita usafiri, au tumia teksi rasmi za uwanjani. Usifuatane na anayekuita kando ya njia ya kutokea kabla ya bei kutajwa.

4. Mpe dereva alama ya ramani, na kando yake anwani kwa mpangilio wa kwao: jina la *Jalan*, yaani barabara, kisha *Gang* na namba yake ambayo mara nyingi ni ya Kirumi, kisha namba ya nyumba. Usitegemee kwamba nyumba ya 14 itafuata ya 12.

5. Mtumie mwenye nyumba ujumbe gari linapoondoka, ili akusubiri mwanzo wa gang. Hili peke yake lingewaokoa nusu ya walioniandikia.

Gari likisimama nje ya gang na mtu mwenye tochi akiwaita kwa majina, mmefika.

## Hatua ya 8: Saa ya kwanza ndani ya nyumba

Msifungue masanduku. Mmoja apige video ya vyumba vyote, kuta, godoro na vyombo, huku mwingine akikagua yafuatayo mwenye nyumba akiwapo.

Washa kiyoyozi, taa zote na birika kwa pamoja kwa dakika tano. Swichi kuu ikijizima, mwambie akuonyeshe ilipo na namna ya kuirudisha. Piga picha ya mita: uniti zilizobaki na namba ya mita yenye tarakimu 11, ambayo utahitaji ukinunua tokeni katika maduka kama Indomaret na Alfamart. Uniti zikikaribia kwisha mita huanza kulia, na hulia bila huruma hata saa nane za usiku.

Fungua bomba, jaribu choo, funga na ufungue mlango kwa kila ufunguo.

Kisha angalia maji yaliyotuama. Bali ina homa ya dengi, na mbu wake huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Bak mandi yenye maji ya siku nyingi ni mazalia yake. Mwageni maji yote, isugueni, mjaze upya, na mrudie kila wiki. Homa kali ikija pamoja na maumivu nyuma ya macho, epuka aspirini na ibuprofeni, nenda hospitali. Kubwa kuliko zote iko Denpasar Barat, na wakazi bado huiita Sanglah.

Kila kitu kikifanya kazi, lipa salio, omba risiti, kisha laleni.

## Hatua ya 9: Kuishi ndani ya banjar

Kila kaya ya Kibali iko chini ya *banjar*, baraza la mtaa lenye nguvu ambazo mgeni huzidharau kwa hasara yake. Kengele ya mbao, *kulkul*, ikipigwa, watu huacha shughuli na kwenda. Barabara ikifungwa kwa sherehe, zungukeni. Msibishane na pecalang, mtakayemtambua kwa kitambaa cha miraba nyeusi na myeupe.

Asubuhi mtaona vijikapu vya majani vyenye maua na ubani kizingitini na njiani. Hivyo ni *canang sari*, sadaka za siku. Msivikanyage wala kuviondoa. Madhabahu ya familia kwa kawaida huwa kwenye kona ya boma iliyo upande wa milima na macheo. Msianike nguo karibu nayo.

Mkiona bango kubwa la maua lenye maneno *Turut Berduka Cita*, si tangazo la duka jipya. Kwa Kiindonesia *duka* ni majonzi, na nyumba hiyo ina msiba. Pitieni polepole.

Kuhusu chakula, *babi* ni nguruwe, na *lawar* mara nyingi huwa na nyama yake au damu. Vibanda vilivyoandikwa *Warung Muslim*, na vile vya chakula cha Padang, mji wa Sumatra, vinawafaa wasiokula. *Nasi jinggo*, wali mdogo uliofungwa kwa jani la ndizi, huuzwa usiku barabarani kwa bei ndogo. Uliza nyama yake kwanza.

Pikipiki za kukodi zipo kila kona, na magari hupita kushoto kama kwetu, jambo linalowapa wengi ujasiri wasiostahili. Bila leseni ya kimataifa yenye daraja la pikipiki, polisi watawatoza faini, na bima ya safari inaweza kukataa kulipa mkianguka. Kwa wengi wenu *ojek*, bodaboda ya huko, inatosha kabisa.

## Hatua ya 10: Kuondoka

Siku mbili kabla, mkumbushe mwenye nyumba kwa maandishi saa ya kukabidhi na kiasi cha amana. Siku yenyewe, oshani vyombo, toeni taka kama alivyoelekeza, zimeni gesi kwenye mtungi, kisha pigeni video ileile ya siku ya kwanza kwa mpangilio uleule, mkimalizia na mita.

Amana irudishwe mkononi kabla ufunguo haujatoka mkononi mwako. Akisema atatuma baadaye, mwonyeshe video mbili na ule ujumbe wa hatua ya tano. Gari la uwanja wa ndege liagizwe likupe muda wa saa tatu kabla ya kuruka, na zaidi kidogo ikiwa ni jioni, kwa kuwa foleni ya barabara ya Bypass Ngurah Rai haijali tiketi ya mtu.